Kwa nini twaita "marekani" wakati jora limeandikwa India?

FundiMlandege anauliza:

Asalaam aleikum jamaa. Nina kiduka cha vitambaa na cherehani mbili hapa Mlandege, mjini Unguja, mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutaka marekani wari sita, ya kushonea foronya za ndani na godoro la mjukuu wake. Nikamkatia. Alipokuwa akikunja akaona muhuri wa buluu kwenye pindo, umeandikwa kuwa kitambaa kimefumwa India. Akanigeukia mbele ya wateja: "Wewe binti, nimekwambia marekani, mbona wanipa cha India?" Nikamweleza kuwa marekani ndiyo hii, hakuna nyengine. Hakutaka kusikia. Akaniachia kitambaa kishakatwa, akaenda zake.

Wari sita nitaziuza kwa mwengine. Kilichoniuma ni kuonekana mwizi kwa jambo ambalo hata mimi silijui. Mama aliyenifundisha kazi akiita hivyo hivyo, na bibi yake pia. Mnaijua wenyewe: pamba tupu isiyopaushwa, rangi ya ufuta, ukiiweka kwenye mwangaza unaona vijichembe vyeusi vya maganda ya mbegu. Ikiwa mpya ngumu kama turubai, ukiifua mara tatu inalainika. Marekani yenyewe iko mbali huko. Jina limefikaje dukani kwangu? Nataka jibu la uhakika, maana yule mzee atarudi. Duka langu ndilo la karibu na kwake.

KijanaFuoni:

Pole dada. Marehemu babu alikuwa akisema ni yale magunia ya unga wa msaada kutoka Marekani, watu wakiyafumua na kushona nguo za watoto. Nadhani jina lilianzia hapo.

KaraniMstaafu:

Wa aleikum salaam binti yangu. Pole kwa kuvunjiwa heshima kazini kwako. Kijana wa Fuoni, magunia hayo yalikuwepo, lakini jina hili limeyatangulia zaidi ya miaka mia. Mimi nilikuwa karani wa forodha mpaka nilipostaafu, na kazi yangu sasa ni kusoma habari za bandari yetu, basi nistahamilini niandike kwa urefu.

Kitambaa hicho kilitoka Marekani kweli. Kililetwa na wafanyabiashara wa mji mmoja mdogo wa bandari, Salem, katika jimbo la Massachusetts, ambako viwanda vya pamba vilikuwa vimeanza kufuma kwa wingi. Wakati huo hakukuwa na mfereji wa Suez. Merikebu ikitoka Salem inashuka bahari yote ya Atlantiki, inazunguka kusini mwa Afrika, ndipo inapanda mpaka Unguja. Miezi baharini, kwa tanga. Na bado walikuja. Katika hesabu ya merikebu za kigeni zilizotia nanga hapa kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, zilikuwa 41 kwa jumla. 32 za Wamarekani, na 20 katika hizo zilitoka Salem peke yake. Waingereza walikuwa na saba tu. Nilipoisoma hesabu ile mara ya kwanza niliirudia mara mbili, kwani skuli tulifundishwa kana kwamba Mwingereza ndiye aliyekuwa kila kitu hapa.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba huko Maskati. Kwangu mimi, mtu wa forodha, kiini chake ni kimoja: bidhaa za Wamarekani zitozwe asilimia 5 zinapoingia, basi. Ushuru ukijulikana mapema, mfanyabiashara anaweza kupiga hesabu yake kabla hajang'oa nanga. Waingereza walipata mkataba wao 1839. Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika hapa 1837, na huyo naye alikuwa mfanyabiashara. Alipatana vizuri na Jairam Shivji, aliyekuwa ameikodi forodha kwa Sayyid. Anayekusanya ushuru na mwenye mzigo mkubwa kabisa bandarini wakishapatana, wengine watapitia wapi?

Sasa sikiliza kitambaa chenyewe kilivyofanya kazi, maana hapa ndipo hasa panaponigusa. Marekani haikubaki mjini. Wafanyabiashara wa Kihindi waliitoa kwa mkopo kwa wenye misafara, ikavuka kwenda Bagamoyo, ikapanda bara mpaka Tabora na Ujiji. Huko ndiyo ilikuwa fedha. Chakula cha msafara, hongo ya kupita kwenye nchi ya mtemi, pembe za ndovu zenyewe, vyote vililipwa kwa kitambaa. Na vipimo vyake binti yangu unavyo mdomoni kila siku. Mikono minne, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole mara nne, ndiyo shuka. Shuka mbili ndiyo doti, mikono minane. Jora zima la marekani lilikuwa wari 30. Leo ukimwambia mteja "doti ya kanga" unatumia kipimo cha misafara ile.

Watu wa bara walikuwa wajuzi wa kitambaa. Waingereza walijaribu kuiga marekani wakaleta nyepesi zaidi, na soko halikuwapokea vizuri. Mnunuzi alikishika, akakivuta, akajua. Kama unavyofanya wewe kwa dole gumba unapopokea mzigo, sivyo?

Na Salem walichukua nini? Pembe za ndovu, ambazo huko Connecticut zilikatwa vibao vya kubonyezea vya piano. Ngozi. Karafuu. Na sandarusi, ile gundi ya miti ya zamani iliyochimbwa mchangani Mrima, yaani pwani ya bara inayotuelekea, iliyopikwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Ilifika Salem bado na ganda lake la udongo, na kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha huko huko. Siwezi kuyaandika haya nikapita haraka juu ya hili: pembe zile zilishuka pwani mabegani mwa watu, na wengi wao hawakuwa huru. Aliyeketi kupiga piano hakuwaona.

Tena, binti yangu, biashara haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1840 Sayyid alipeleka merikebu yake mwenyewe, Sultana, mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman. Ilibeba tende, kahawa, pembe, karafuu, sandarusi, ngozi na mazulia, pamoja na farasi wa zawadi kwa Rais Van Buren. Watu walimiminika bandarini kuwatazama mabaharia wetu. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad, na picha ipo hadi leo: kilemba, ndevu, macho yanakutazama moja kwa moja. Waliporudi, katika shehena yao mlikuwa na marekani.

BintiChake:

Shikamoo mzee. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye foleni ya boti Mkoani. Kwetu Chake bibi yangu alikuwa na kishuka cha marekani cha kuchujia tui la sikukuu. Alikuwa haruhusu mtu kukifulia sabuni, kilikuwa kikifuliwa kwa maji ya moto tu na kuanikwa kwenye kamba peke yake. Lakini swali la dada halijaisha: kama ilikuwa yao, mbona sasa muhuri ni wa India? Waliacha kwa nini?

KaraniMstaafu:

Marahaba mjukuu wangu. Umenikumbusha, nimejisahau.

Vita vyao wenyewe ndivyo vilivyoanza kuwatoa. Kuanzia 1861 mpaka 1865 Kaskazini na Kusini ya Marekani walipigana, na pamba ilikuwa inalimwa Kusini. Viwanda vya Massachusetts vikakosa pamba, bei ikapanda, mzigo wa kuja huku ukapungua. Baada ya vita walirudi kwa nguvu kidogo. Lakini 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, ukamfupishia njia Mwingereza, Wamarekani wakabaki wanazunguka Afrika nzima. Na zaidi ya yote, Bombay ilikuwa imeshaanza kujenga viwanda vyake vya pamba tangu miaka ya 1850. Bombay na Unguja ni safari ya msimu mmoja wa kaskazi, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa hapa tayari wakiwajua wateja kwa majina. Wakafuma kitambaa kile kile, uzito ule ule, kisichopaushwa, na wateja wakaendelea kukiita walivyozoea. Mpaka karne ile inaisha, cha India kilikuwa kimelitawala soko.

Kwa hiyo binti yangu wa Mlandege, akirudi yule mzee mwambie hivi kwa adabu: marekani inafumwa India tangu enzi za babu wa babu yake, na alichokikataa ndicho alichokiomba.

FundiMlandege:

Mzee wangu, Mungu akuzidishie umri. Nimesoma jana usiku baada ya kufunga, leo asubuhi nimefanya jambo. Nimelitandaza jora juu ya meza ya kukatia nikapima kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, mara nane. Nikaweka kanga yangu juu yake, doti nzima kabla ya kukatwa. Marekani imezidi kidogo tu. Mwanafunzi wangu alikuwa ananitazama, ikabidi nimweleze yote, na sasa yeye ndiye anayewaeleza wateja.

Yule mzee amepita leo alasiri kwenda msikitini. Nimemwita, nikampa kiti, nikamwonesha muhuri na kumsimulia habari ya Salem na ya Bombay. Amekaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama zile wari sita bado zipo. Nilikuwa nimeshauza mbili, nikamkatia mpya. Amesema baba yake alikuwa mchukuzi bandarini, na hajapata kuijua habari hii.

Mzee, Jumamosi nafungua saa tatu. Nimekuwekea shuka moja, mikono minne.