Chuo kinafunguliwa Juni 1, 2020, viazi bado viko ardhini. Nifanyeje?

Binti wa Isyonje:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo mwaka wa pili, chuo kiko Iringa. Tulipotawanywa Machi kwa ajili ya corona nilirudi nyumbani Isyonje, bumu (hela ya mkopo wa chuo) iliyobaki nikakodi nusu eka na kupanda viazi, aina ya arka. Asubuhi shamba, mchana nashona barakoa za vitenge na mama, usiku napanda kilimani kutafuta mtandao nisome notsi za grupu. Jioni lazima nyungu, kujifukiza mvuke: majani ya mkaratusi, malimao, blanketi moja watu watatu. Ukitoka humo, notsi za takwimu huzitaki hata kuziona.

Mwezi huu baba, dereva wa lori, alikwama Tunduma baada ya Zambia kufunga mpaka wa Nakonde. Hela ikakata, macho yote sasa yako kwenye viazi. Na Rais ameshatangaza vyuo vifunguliwe. Dalali anataka shamba zima hivyo hivyo, kwa bei ya kuniliza. Mama anasema niuze nikasome. Mdogo wangu wa kidato cha pili, shule yao bado imefungwa, anasema atasimamia. Nimwachie?

Mkulima Uporoto:
Usiuze. Viazi vya miezi miwili ngozi laini, vinachubuka, ndiyo maana anakupangia bei. Vikipita siku 90 dogo akate majani, aviache ardhini wiki mbili ngozi ikomae, ndipo ang'oe. Na asikubali lumbesa, gunia la kujazwa kupita mdomo! Gunia lishonwe usawa wa mdomo. Ile kofia ya juu ndiyo faida yako inakoondokea.

Mzee wa Mafinga:
Dada, nenda, mitihani haikusubiri. Ila kidato cha pili ni mtoto, dalali atamzunguka. Mama awepo wakati wa kupakia, na hela isome kwenye simu yake kwanza. Tiketi kata mapema, mabasi ni level siti, hakuna kusimama.

Kijana Soweto:
Beba na barakoa ukauze hosteli 😀

Binti wa Isyonje:
Hizo zimeshafungwa kwenye begi, kaka! Baba kapiga simu asubuhi, foleni imeanza kusogea. Mkulima, shikamoo. Wiki mbili bila majani, haviozi?

Mkulima Uporoto:
Marahaba. Maji yasipotuama haviozi. Apandishie udongo kwenye matuta yaliyopasuka, kiazi kikipigwa jua kinageuka kijani na hakuna atakayekinunua.