Mama hataki kuweka shilingi, nchi inakuaje?

MamaDuka (Busia):
Wandugu, nielewesheni. Nina duka la unga na sabuni hapa Busia, upande wa Uganda. Nikifunga hesabu jioni mama huuliza, "Pesa umeifanya nini?" Nikisema iko kwenye simu, anaguna. Kwake pesa ni ya kupita: ukiipata, nunua mbuzi, mabati, hata chumvi. Mwaka 1987 aliuza ndama, akaficha shilingi 100,000 sandukuni. Mwezi wa tano noti zikabadilishwa, sifuri mbili zikaondolewa, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Akabaki na 700. Sasa kijana wa chuo ananiambia nchi ikikua watu huhitaji fedha zaidi. Mbona mama hahitaji?

Mwalimu_Jinja:
Dada, "kuhitaji" hapo si kupenda pesa, nani asiyeipenda! Ni ile sehemu ya mali yako unayokubali ikae kama fedha. Mauzo yakikua, lazima droo iwe na chenji zaidi. Huyo kijana hajakosea. Ila kukaa na fedha kuna gharama yake: riba unayoikosa, na bei zinazopanda. Mwaka ule wa ndama bei zilizidi maradufu kwa mwaka mmoja, basi mbuzi alikuwa benki bora. Miaka ya tisini mfumuko ulipotulia, watu wakarudia shilingi polepole.
Tatizo ni kwamba uhusiano huo, wa ukuaji na fedha ambazo watu wanakubali kukaa nazo, hautulii. Benki Kuu ya Uganda ilikuwa ikilenga kiasi cha fedha kilichopo nchini. Julai 2011 ikaacha, ikaanza kutumia riba yake, ile inayoongoza riba za benki nyingine. Kufika Novemba riba hiyo ilikuwa asilimia 23.

Wakala_Arua:
Mwalimu, ongeza simu. Julai 2018 ilipokuja kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, kibandani kwangu watu walirudia noti mara moja. Baadaye ikawa nusu asilimia, kwa kutoa tu. Bado wapo wanaotuma mtu na bahasha kwenye basi.

MamaDuka (Busia):
Kumbe! Hata mimi droo yangu ina upande wa shilingi za Kenya, nazo sizibadilishi haraka.
Nimemsomea mama majibu. Kauliza mbuzi hukatwa asilimia ngapi. Nikamkumbusha wale wawili waliokufa mwaka jana. Akanyamaza, kisha akaniomba elfu kumi ya dawa ya kupe. Taslimu.