Binti yangu anakuja kusoma Mwanza: usalama wa huko ukoje kwa kweli?

BabaNeema_Moro

Habari zenu ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa. Naomba mnisaidie mawazo, maana wiki ya tatu sasa silali vizuri.

Binti yangu wa kwanza amepata chuo Mwanza, kule Malimbe. Ana miaka 19 na hajawahi kulala mbali na nyumbani zaidi ya siku nne, na hizo alikuwa kwa bibi yake Kilosa. Mimi mwenyewe Mwanza sijafika hata siku moja. Nilichonacho ni maneno ya watu, na hayo maneno hayapatani. Shemeji yangu anasema huko ndiko walikouawa albino na vikongwe wa macho mekundu, nisithubutu kumpeleka mtoto. Jirani yangu aliyewahi kupeleka mchele huko anasema Mwanza kumetulia kuliko Dar, panya road, wale vijana waporaji, wako Dar, nisiwe na wasiwasi. Mama Neema hasemi kitu, lakini usiku namsikia anasali.

Nikaingia intaneti nipate jibu lisilo na ushabiki. Nikakuta orodha inayoipa miji alama za uhalifu kuanzia 0 hadi 100. Nyingine inasema mwaka 2021 Copenhagen ndiyo iliyokuwa salama kuliko miji yote, na kabla yake Tokyo iliongoza mara tatu. Sasa Copenhagen na Tokyo zinanisaidia nini mimi?

Naomba anayeishi huko aniambie anavyoishi. Binti akae hosteli au apange chumba mtaani? Basi likifika usiku afanye nini? Na ninyi wenyewe mnatembea mpaka saa ngapi?

Karani_Ilemela

Shikamoo mzee. Nilikuwa karani wa sensa ya 2022, nimezunguka mitaa mingi ya hapa, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu hizo orodha.

Hiyo ya alama 0 hadi 100 nadhani ni ya Numbeo. Alama zake hazitoki polisi. Anayetembelea tovuti yao anajibu maswali: unaogopa kiasi gani kuvunjiwa nyumba, unajionaje ukitembea peke yako mchana, na usiku je. Ni hisia za watu wenye intaneti na wenye muda wa kujibu. Hiyo ya Copenhagen ni ya watafiti wa jarida la Economist la Uingereza. Walichukua miji 60, hakuna hata mmoja wa Tanzania, na walipima pia hospitali, miundombinu, mazingira na usalama wa kimtandao, si vibaka peke yao.

Wapo Afrobarometer ambao huwafuata watu majumbani, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na kuwauliza ni mara ngapi waliona si salama kutembea mtaani kwao au waliogopa uhalifu nyumbani. Pale hata mkulima asiye na simu janja anaulizwa. Ila majibu yao ni picha ya nchi nzima. Habari ya Malimbe utaipata kwa mtu wa Malimbe.

Jembe_Pasiansi

Msimdanganye mzee wa watu. Mwaka jana, saa tatu usiku, nilishuka daladala Buzuruga nikapanda bodaboda ya kijana nisiyemjua. Badala ya kunipeleka nyumbani akakata kona kwenye njia ya vumbi, wenzake wawili wakiwa wanamsubiri. Simu, viatu, na shilingi elfu arobaini za kodi. Mpaka leo nikisikia pikipiki nyuma yangu moyo unanienda mbio. Mwanza si salama. Mtoto asome Morogoro hapo hapo.

MamaDagaa_Kabuhoro

Baba Neema, pole na hongera. Pole ya kukosa usingizi, hongera ya kumfikisha mtoto chuo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kabuhoro, juu mlimani, nauza dagaa mwalo wa Kirumba mwaka wa kumi na saba huu. Naanza na swali lako la mwisho, la saa za kutembea, maana hilo ndilo ninalolijua kwa miguu yangu.

Mimi natoka nyumbani saa tisa usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo msimu wetu wa pesa ni siku za giza, mzigo unapofurika kutoka visiwani, na anayewahi boti ndiye anayechagua dagaa mkavu asiye na mchanga. Anayechelewa anachukua masalia.

Njia yangu ya kushukia ni ngazi za mawe kati ya nyumba na nyumba. Pengine unapita ubavu ubavu, jabali limekubana. Katikati ya njia kuna duka la kijana tunayemwita Mangi, anaacha balbu inawaka nje usiku kucha. Kabla ya kuifikia natembea kwa masikio. Nikiifikia naona ndala zangu, namwona aliyenitangulia, napumua.

Mwaka juzi ile balbu iliungua Mangi akiwa kwao Rombo kwenye msiba. Tukakaa giza karibu miezi miwili. Katika miezi hiyo hakuporwa mtu, nakuapia. Lakini mama mmoja alisema ameona mtu nyuma ya jabali. Kesho yake wakawa watu wawili. Wiki haijaisha wakawa na mapanga. Wenzangu watatu wakaacha kushuka usiku, wakawa wanafika mwaloni saa moja asubuhi, mzigo mzuri umeshaondoka, wanabaki na dagaa wa chakula cha kuku. Mmoja wao alikula mtaji wote, mpaka leo anafua nguo za watu. Hakuna kibaka aliyemgusa yule mama, lakini amefilisika kama aliyeibiwa, na kila nikimwona na beseni la nguo roho inaniuma.

Mwishowe tulichangishana, tukanunua balbu ya shilingi elfu tatu, tukampelekea mke wa Mangi akaifunga. Siku ya pili yake wawili kati ya wale watatu walikuwa njiani nasi. Wa tatu hakuwa tena na cha kununulia.

Kwa hiyo baba, watu wakikuambia mtaa fulani ni hatari, usikatae, ila waulize: taa ipo? Njiani unakutana na watu unaowajua? Hiyo habari umeiona au umeisikia? Hofu yao ni ya kweli na inawala, hata pale mwizi mwenyewe hayupo.

Sasa na mimi nimeibiwa. Nimeibiwa Makoroboi, saa sita mchana, jua la utosi. Nilikuwa nimeinama nachagua vitenge. Pochi ilichanwa kwa wembe chini, mkato mmoja ulionyooka kama wa fundi cherehani, sikusikia hata kuguswa. Laki na themanini za mzigo zikaenda. Miaka yote njia ya usiku naipita nimekunja ngumi, na pale nilijiachia kwa kuwa ni mchana na watu wamejaa. Mwambie Neema pochi iwe mbele ya tumbo sokoni na kwenye daladala, na simu asiishike mkononi dirishani.

Jembe mdogo wangu, pole sana. Lililokupata ni la kweli na hakuna wa kukubishia. Tena umelieleza vizuri kosa lilipo: bodaboda usiyemjua, usiku. Sisi tuna wa kijiweni kwetu, tunamjua kwao, tunamjua mkewe, tunampigia simu.

Na shemeji yako hajasema uongo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Kwao Kwimba kuni zilikuwa za shida, akapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa miaka yake yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Moshi ule ndio uliomla macho. Mwaka 2009 maneno ya uchawi yalipoanza kijijini, mimi na mdogo wangu tulimfuata tukampandisha huku mlimani, hatua kwa hatua, anahesabu ngazi kwa Kisukuma. Alifariki kitandani kwangu, kwa maradhi, ameshikwa mkono. Sipuuzi hata chembe. Ila aliyekuwa hatarini alikuwa kikongwe mjane mwenye kashamba, kijijini, mbele ya watu waliomjua. Huyo si Neema.

Ninachomwogopea Neema hakuna aliyekitaja hapa. Ni ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, na kaka yangu alikuwemo. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa pale Igoma kwenye mnara wa kumbukumbu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kimebakiza kidogo tu kufika gati la Ukara, kimejaa watu waliotoka mnadani Bugolora, wakafa zaidi ya 200. Lakini muulize mtu wa hapa kama Mwanza ni salama, atakueleza vibaka na wahuni. Ziwa hatalitaja. Tumelizoea, linatulisha, linatusomeshea watoto.

Malimbe iko jirani na maji. Vijana wa chuo Jumapili wanashuka kwenye mawe kupiga picha na kuoga. Mawe yale yana utelezi wa kijani usiouona mpaka umekanyaga, na hatua moja kutoka kwenye maji ya magoti unaweza kukuta kina. Kichocho nacho kipo. Asiingie majini kwa kushawishiwa. Akipanda mtumbwi au boti kwenda popote, avae boya, na chombo kikijaa ashuke, hata kama nauli ameshalipa.

Mwalimu_wa_Nansio

Mama Dagaa ameongea. Niongeze langu kwa kuwa shemeji ametutaja.

Mimi nina ualbino, nimezaliwa Ukerewe, nafundisha shule ya msingi hapa mjini. Kati ya mwaka 2008 na 2015 mama yangu hakuniruhusu kwenda chooni usiku bila mtu. Choo kilikuwa nje, hatua ishirini, naye alisimama mlangoni na tochi mpaka nimalize, nami nilikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na hapo mama ndipo alipoanza kulala.

Kwangu mimi mji ndio uliokuwa kimbilio. Nyegezi stendi watu ni wengi, kila mtu na haraka yake, hakuna anayehesabu hatua zangu. Mwenzangu niliyepanga naye nyumba moja, yeye aliyaona hayo hayo kama hatari: watu wengi, huwajui. Tulipita mtaa mmoja kila jioni, mmoja anaharakisha, mwingine anatembea pole pole. Mzee, Neema akifika mwache naye aone mwenyewe wapi moyo wake unatulia, na akikuambia mahali fulani hapamkai sawa, usimbishie ukiwa Morogoro.

BabaNeema_Moro

Nimesoma yote mara mbili, nikamsomea mama Neema kwa sauti. Nilipofika kwenye bibi wa Kwimba alilia. Jembe, pole kijana wangu, nimekusikia pia.

Mama Dagaa, kumbe Neema hajui kuogelea kabisa na sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimenunua kufuli mbili. Bado nina swali la hosteli na la basi.

MamaDagaa_Kabuhoro

Kufuli mlete, zina kazi.

Mwaka wa kwanza akae hosteli, hata kama chumba cha mtaani ni nafuu. Si kwamba Nyegezi au Mkolani ni kubaya, wapo wanafunzi wengi wanapanga huko. Ila bado hajui njia ipi ina taa na ipi haina, hajui bodaboda yupi ni wa kijiweni, na mwenye nyumba bado hamjui yeye. Hayo yanachukua miezi. Mwaka wa pili, akiwa na wenzake wawili watatu, watafute nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo, na waende kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Watu hudharau hilo, lakini siku ya shida mwenyekiti anatoka kwa sababu anakujua jina.

Basi: tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, unaweza kupanga ufike kumekucha. Panga hivyo. Likiwahi, msitoke nje ya stendi ya Nyegezi. Kaeni ndani penye taa na abiria wenzenu, kunyweni chai, mpaka jua lichomoze. Anayewafuata na kuwashika begi kabla hamjamwita, mwambieni asante na msimpe.

Na njoo naye mwenyewe, usimtume peke yake. Mkishaweka mizigo, teremkeni mwaloni Kirumba asubuhi, nimpitishe nimwonyeshe mji kwa miguu, na arudi na dagaa wa mwezi mzima. Angalieni mwezi tu kabla ya kukata tiketi. Ukiwa mpevu hamtanikuta.