"Unanuka vizuri": sifa au tusi?

Mtu wa Zamu: Wakuu, naomba msaada. Jana asubuhi mwenzangu wa kazini kaingia, chumba kizima kikabadilika hewa. Nikamwambia kwa nia safi kabisa, "Dada, leo unanuka vizuri." Kaninunia hadi jioni. Kuuliza kosa langu, naambiwa mtu mzuri hanuki, ananukia. Sasa nauliza: ile "vizuri" niliyoiweka pale haikutosha kuniokoa?

Kalamu Butu: Haikutosha. Ungemwambia "umeoza vizuri" ungetegemea tabasamu? Kunuka ni uvundo, kikwapa, shombo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakuongeza "vibaya", na hakuna aliyewauliza wana maana gani.

Bi Rehani: Kalamu, watu tuna vikombe vya chai mkononi. Methali zote hizo ukaona hiyo tu?

Kalamu Butu: Samahani bibie, sikuitunga mimi.

Mpiga Soga: Mnamwonea bure. Kunuka ni kutoa harufu, basi, iwe nzuri iwe mbaya. Nuka, nukia, nusa, mzizi mmoja. Mimi nikinusa harufu ya kahawa asubuhi nasema kahawa inanuka, na ninaipenda hivyohivyo.

Bi Rehani: Harufu hainuswi, mwanangu, husikiwa. Unanusa ua, unasikia harufu yake. Hapo ndipo mnapokiharibu Kiswahili nyinyi mliokisoma vitabuni.

Mpiga Soga: "Nyinyi" akina nani? Kiswahili nimekikuta nyumbani kwetu. Na hayo masikio yako yameota pua lini?

Bi Rehani: Masikio yangu mazima, ndiyo maana nasikia unavyokosea. Njaa unaisikia kwa sikio lipi? Maumivu je? Baridi je? Au hivyo navyo wewe unavinusa?

Mzee wa Sarufi: Turudi kwenye swali la kijana. Nukia ni nuka iliyotiwa kiambishi cha kutendea, kama pika na pikia. Lakini mnyambuliko huu umeshaganda, hauna tena ile "kwa ajili ya". Umebaki na kazi yake moja kubwa: kutoa harufu ya kupendeza. Wala si sisi peke yetu. Wachewa wa Malawi wana *kununkha* kwa uvundo na *kununkhira* kwa harufu nzuri, njia ileile. Kwa hiyo "unanuka vizuri" itaeleweka, ila msikilizaji hulipata tusi kabla ya sifa. Harufu ndiyo isiyo na upande. Katika Biblia ya Kiswahili, Paulo anawaandikia Wakorintho kuhusu harufu ya mauti na harufu ya uzima, mstari mmoja.

Mpiga Soga: Mzee nakuheshimu, na Malawi nimeisikia. Lakini mbona humkanyi huyu mama? Mtu mzima naambiwa nanusa njaa, watu mnapita kimya.

Chombeza: Kama nukia ni ya mazuri tu, mbona magazeti huandika "mgomo wanukia", "vita vyanukia"? Vita nayo imejipulizia?

Kalamu Butu: Hiyo ni nukia ya kukaribia. Chakula hunukia kabla hakijapakuliwa, ukajua kiko njiani. Vita hivyohivyo. Usichanganye.

Chombeza: Kumbe ina maana mbili. Basi nilikuwa sahihi.

Kalamu Butu: Sahihi kwa lipi? Uliuliza swali, hukudai kitu!

Bi Rehani: Na tukiwa hapohapo, acheni kuita kila kitu marashi. Marashi ni ya kurashia, yaani kunyunyiza, na asili yake ni maji ya waridi. Chombo chake ndicho mrashi. Udi hufukizwa kwenye chetezo. Uturi hupakwa. Mtu kakesha anafukiza nguo yake udi, wewe unamwambia "pafyumu yako nzuri". Atashukuru kwa adabu tu.

Mpiga Soga: Nani kataja marashi hapa? Nimesoma kuanzia juu, hakuna. Umeshindwa kwenye kusikia, umejificha kwenye moshi wa chetezo.

Bi Rehani: Sijashindwa. Nimekuacha.

Mtu wa Zamu: Jamani, leo hata salamu hakuitikia. Nifanyeje?

Kalamu Butu: Mpelekee kichupa cha marashi, yaishe.

Chombeza: Umwambie mtu ananuka, kesho yake umletee marashi? Huyo dada ataomba uhamisho.

Bi Rehani: Uturi, Kalamu. Kichupa ni cha uturi.