Hizi "nyumba" za kale jangwani: mbona mimi naona vishimo tu?

Mdadisi77

Wakuu, habari za leo. Nina jambo linanisumbua tangu juzi.

Nimeangalia picha za kijiji cha kale kilichochimbwa Kerma, kaskazini mwa Sudan, kile kinachoitwa cha "kabla ya Kerma", yaani kabla ya ufalme wa kale wa Kerma, cha mnamo 3000 KK. Maelezo yanasema kuna vibanda kama hamsini, mashimo ya kuhifadhia nafaka zaidi ya 200, na uzio. Nikakodoa macho. Hamna ukuta, hamna paa, hamna hata jiwe juu ya jiwe. Ni uwanja wa mchanga wenye vishimo, kama kwamba mtu alipita na fimbo akawa anachoma chini huku akiwaza mambo yake. Niliyemwonyesha picha akauliza kama ni shamba la viazi.

Sasa nielimisheni. Nani aliyesema kile kishimo ni cha nguzo na si cha panya? Na hata kikiwa cha nguzo, unajuaje vishimo ishirini hivi ni nyumba moja na si nyumba tatu za karne tatu tofauti? Halafu umri wanautoa wapi ikiwa hakuna kilichobaki? Sibishi, nataka kuelewa. Ila kama ni kukisia, semeni tu.

Mwiko_na_Ndoo

Mkuu, mimi nilifanya misimu miwili ya uchimbaji kaskazini mwa Sudan, miaka kadhaa kabla ya vita. Si Kerma yenyewe. Ni mahali pengine ambapo sipataji, kwa sababu nitakachosimulia hapa chini kinaniaibisha. Siku ya kwanza niliuliza swali lako hilohilo, tena kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamepiga magoti juu ya hiyo "nyumba" tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Kwanza acha kutafuta ukuta. Banda la miti na matete likiachwa, mchwa wanakula miti, upepo unachukua udongo, na hadithi ya juu ya ardhi inakuwa imekwisha. Kinachosalia ni kile kilichoingia chini. Aliyejenga alichimba shimo, akasimika nguzo, akashindilia. Hapo ameshaivuruga ardhi na haitarudi ilivyokuwa. Nguzo ikioza, nafasi yake inajazwa na vumbi, jivu na uchafu wa nyumbani. Mchanga wa pembeni ni wa manjano na umeshikana, wa ndani ni wa kijivu na unalegea kwenye ncha ya mwiko. Basi hiyo tofauti ya rangi na ugumu ndiyo tunayoichimba.

Tabu ni kwamba jua likishapanda kila kitu kinakauka na kuwa rangi moja. Saa nne asubuhi unaona vizuri kama mtu anayetazama ukuta mweupe. Ndiyo maana tulikuwa na lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, ila ndani lina maji matupu. Unakwangua eneo kwa mwiko mpaka liwe tambarare, unapulizia ukungu mwepesi, na kwa dakika chache madoa yanajitokeza: doa, doa, doa. Unakimbilia kuyachora mpaka wake kwa ncha ya mwiko kabla hayajapotea tena. Picha zinapigwa alfajiri au jioni, jua likiwa chini na vivuli virefu. Ufagio haufai, kwenye mchanga mkavu unasambaza rangi moja juu ya nyingine na unafuta ulichokuja kukitafuta.

Kuhusu panya: hukichimbi kishimo chote. Unakigawa nusu kwa uzi, unachimba nusu moja tu, halafu unatazama ile nusu iliyobaki kutoka ubavuni, kama unavyotazama andazi lililokatwa. Shimo la nguzo linashuka wima, lina kitako, na mara nyingi utakuta mawe madogo yaliyopachikwa pembeni kuibana nguzo. La panya linakunja kona. Linaanza vizuri, unafurahi, halafu linageuka kushoto na kupotea. Mzizi wa mti nao unajigawa na kuwa mwembamba. Siku moja nilikata vishimo tisa; vinne vilikuwa vya panya, na vinaandikwa kwenye daftari hivyohivyo, huvifichi.

Kuhusu ishirini kuwa nyumba moja au tatu, hapo umegusa penye mjadala hasa. Sisi tulichomeka kisoda chekundu kwenye kila kishimo kilichopita mtihani wa kukatwa nusu. Visoda vyenyewe vilitoka kwa mwenye duka wa kijijini, alidhani tumechanganyikiwa. Kisha mmoja akapanda ngazi. Kutoka chini unaona fujo, kutoka mita tatu juu duara linakuita lenyewe, na pengo upande mmoja ambapo palikuwa na mlango. Lakini macho yanapenda maduara, kwa hiyo hayaaminiwi peke yake. Unaangalia kama nafasi kati ya nguzo zinalingana, kama kina kinalingana, kama udongo wa ndani unafanana. Na kitu kikubwa kuliko vyote: kishimo kinapokikata kingine. Ukiona duara moja limeng'atwa ukingo na jingine, lile lililong'ata ndilo la baadaye. Hilo halina ubishi. Ukipata mikato mitatu minne ya namna hiyo, unaweza kusema nyumba hii ilijengwa baada ya ile kuanguka. Usipoipata, unasema hujui, na watu wanagombana kwenye makala kwa miaka kumi.

Sasa aibu yangu. Kwenye banda la pili nilipewa robo yangu ya kuchimba. Nikashuka nikakuta gamba gumu la kijivu, unene kama wa chapati mbili. Nikafikiri ni ule ugumu wa kawaida ambao chumvi na chokaa huuacha kwenye udongo wa jangwa. Nikalivunja, nikalipeleka kwenye chekeche kwa ndoo, ndoo sita. Msimamizi wa wafanyakazi, mzee waliyemwita rayyis, alikuwa robo ya jirani. Hakusema kitu. Alikuja akachuchumaa, akaushika mkono wangu ulioshika mwiko, akakwangua kwangu, kisha akanivuta kwake akakwangua pale. Kwangu mwiko ulisema *shaa*. Kwake ulisema *kri-kri*, kama kijiko kwenye ukoko wa sufuria. Lile gamba lilikuwa sakafu. Watu walilikanyaga, wakalimwagia maji, wakalifagia, wakalikanyaga tena mpaka likashikana. Upande wa mzee sakafu ilikuwa nzima, ina meko katikati yenye udongo ulioiva kwa moto, na jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Upande wangu lilikuwa shimo safi.

Ukiangalia ramani ya banda lile, kuna robo nyeupe iliyoandikwa tu kwamba sakafu iliondolewa wakati wa uchimbaji. Ndiyo mimi huyo.

Nakwambia haya kwa sababu umeuliza wanajuaje kuwa ni nyumba. Vishimo vinakupa umbo. Sakafu ndiyo inakupa watu: nani alikaa upande gani wa moto, vigae vya vyungu vilivyovunjika vilitupwa wapi, pa kulala palikuwa wapi, maana pa kulala huwa hapana taka. Hapo Kerma unapopauliza ni pagumu zaidi kwa sababu upepo na mmomonyoko vilishaondoa sehemu kubwa ya zile sakafu, vikabaki vitako vya mashimo. Na juu yake baadaye pakawa makaburi ya wafalme na watu wa Kerma wenyewe. Kwa hiyo unayoyaona kwenye picha ni mabaki ya mabaki. Kwamba waliweza kutoa mpango wa kijiji hapo, uzio na yote, mimi navua kofia.

Kijiko_cha_Chai

Asante kwa maelezo kaka, ila mimi bado nina shaka na jangwa lenyewe. Upepo ukiondoa mchanga kwa miaka elfu tano, si vitu vizito vinashuka chini vyote? Kigae cha juzi na kigae cha miaka elfu nane vinalala kitanda kimoja. Halafu mtu anakuja anaviokota pamoja anasema "wakazi wa nyumba hii walitumia vyungu hivi".

Mwiko_na_Ndoo

Uko sahihi kabisa, na ndiyo maana kilichookotwa juu ya ardhi kinawekwa kwenye mfuko wake, na hakihesabiwi pamoja na kilichotoka ndani ya shimo lililofunikwa. Kigae kikiwa ndani ya shimo la nafaka, chini ya udongo ambao haukuguswa, upepo haukukifikia. Kikiwa juu, kwangu ni kama kikaratasi kilichookotwa stendi.

Mbegu_Chache

Habari zenu. Mimi niko upande wa maabara, nakaa na darubini nachambua mbegu zilizoungua, kwa hiyo nitajibu lile la umri ambalo kaka Mwiko amelikwepa kistaarabu.

Mwaka wowote unaousoma kwa makazi kama hayo, mara nyingi umetoka kwenye kaboni 14. Kiumbe kikifa kinaacha kuingiza kaboni mpya, na ile 14 inapungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Unapima kilichobaki, unarekebisha kwa jedwali, unapata umri. Hesabu siyo tatizo. Swali ni: umepima nini?

Watu wengi wanakimbilia kipande kikubwa cha mkaa kutoka kwenye meko. Jangwani huo ni mtego. Mti ukifa mahali pakavu hauozi haraka, unaweza kusimama au kulala pale muda mrefu mno, halafu mtu anakuja anaukata kuni. Kaboni inakuambia mti ulikufa lini, haikuambii chai ilichemshwa lini. Utapata nyumba yenye umri mkubwa kuliko wake kwa miaka mia kadhaa na hutajua. Mimi nikiulizwa, nasema nipeni mbegu. Punje ya nafaka ilikua msimu mmoja, ikavunwa, ikaungua. Haidanganyi umri.

Na hapa ndipo nitakapokuongezea eneo jingine, Mdadisi, maana litakupendeza kuliko Kerma. Tafuta habari za Nabta Playa, jangwa la magharibi la Misri, kama kilomita 100 magharibi mwa Abu Simbel. Timu ya wanaakiolojia Fred Wendorf na Romuald Schild ilichimba pale makazi yanayojulikana kwa namba, E-75-6. Yana zaidi ya miaka 8,000. Leo ni mchanga mtupu, lakini wakati ule mvua za msimu wa joto zilifika huko na bonde likawa ziwa la msimu. Vibanda vilijengwa kwa safu kufuata ukingo wa ziwa, vina meko, mashimo ya kuhifadhia, na karibu kuna visima. Mvua ikija ziwa linafurika sakafu na kuacha tope, maji yakishuka watu wanarudi. Umeona? Huko tope lilifanya kazi ya blanketi. Ndiyo sababu sakafu zimebaki.

Ndani ya sakafu hizo zilitoka maelfu ya mbegu na matunda yaliyoungua, ya makumi ya aina. Na kati yake kuna mtama. Kwa umbo ni mtama-mwitu, haujalimwa, punje ndogo. Watu walikuwa wanaukusanya na kuupika karne nyingi kabla mtu yeyote hajaupanda, kwa tunavyojua. Krystyna Wasylikowa ndiye aliyezichambua mbegu hizo, na matokeo ya mwanzo yalitoka 1992. Kuna mjadala mrefu kama ule mtama ulikuwa unaelekea kuwa zao la kulimwa au la. Mimi nasimama upande wa mwitu, ila sitapigana.

Namna ya kuzipata ni rahisi ajabu. Unamimina udongo wa sakafu kwenye pipa la maji, unakoroga, mkaa na mbegu zinaelea, unaziokota kwa kitambaa chembamba cha chandarua. Ugumu ni kwamba uko jangwani na unahitaji mapipa ya maji, na kila mtu kambini anataka kuoga.

Kwa hiyo kaka Mwiko, zile ndoo zako sita za sakafu, ziliishia kwenye chekeche la waya tu? Hazikuingia majini?

Mwiko_na_Ndoo

Chekeche la waya, dada. Milimita tano. Niache nilie peke yangu.

Mbegu_Chache

Milimita tano! Punje ya mtama-mwitu inapita hapo ikiwa imekunja mikono mfukoni.

Mdadisi77

Nimesoma yote mara mbili. Kumbe siyo kukisia, ni kubishana kwa adabu. Lile la mti uliokufa zamani sikuwahi kuliwaza kabisa, na sasa nimeanza kuitazama ile picha ya Kerma upya, hata nimeyaona maduara mawili bila kuonyeshwa.

La mwisho kabla hamjanichoka: mkimaliza, mnafanyaje na hiyo nyumba? Mnaiacha wazi?

Mwiko_na_Ndoo

Ikiachwa wazi msimu mmoja tu, upepo na mbuzi wanamaliza kazi. Inafukiwa. Unatandika kitambaa cha plastiki juu ya kilichobaki, unarudisha mchanga uleule kwa makoleo, siku nzima, huku wale inzi wadogo wa mto Nile wanaoitwa nimitti wakikuingia puani na masikioni. Na kabla ya koleo la kwanza, unaweka chini kitu cha leo, ili atakayechimba baada yetu ajue amefika mahali palipokwisha kuchimbwa. Wengi huweka sarafu ya mwaka huo.

Sisi sarafu hatukuwa nazo. Kwenye ile robo yangu rayyis alichomeka kisoda chekundu, kimoja, katikati, ambapo sakafu ingekuwepo.