Re: Kumhamishia mpwa shule ya umma Luanda, Gredi ya 8

Minneapolis: Hamjambo ndugu wa ughaibuni. Mpwa wangu anatoka akademi (shule ya kibinafsi) moja Kisumu kwenda sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ya umma karibu na Luanda, Vihiga, Kenya. Shule ina watoto wachache. Matokeo yake wengine wanayasifu, wengine wanayaponda. Niulize nini kabla sijatuma pesa?

Boston: Dada, weka wastani kando kwanza. Shule ikiwa na watahiniwa 18, mtoto mmoja akipata pointi 66 badala ya 20 kati ya zile 72 za KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, wastani unaruka pointi mbili na nusu. Akishaondoka, watu watasema shule imeanguka, na walimu ni walewale. Uliza walimu wa Gredi ya 7 hadi 9 ni wangapi. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki, kwa hivyo gredi tatu zenye mkondo mmoja mmoja ni vipindi 120. Walimu wakiwa wanne, kila mmoja ana 30, na hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili na Dini anapotupiwa Sayansi Jumuishi. Muulize mwalimu mkuu waziwazi: Sayansi Jumuishi nani anafundisha, na majaribio yanafanyiwa wapi? Tangu 2023 madarasa haya yamo ndani ya shule za msingi, na "maabara" mara nyingi ni meza mbili na ndoo ya maji.

Doha: Naongezea upande wa pesa. Mgao wa serikali ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na unafuata majina yaliyo kwenye mfumo wa wizara, si vichwa vilivyo darasani. Watoto 60 ni 902,520. Wanane wakikosa kuingizwa kwa sababu hawana cheti cha kuzaliwa, shule imepoteza 120,336, na hao wanane wanatumia chaki ya wenzao. Basi cheti mkononi, na jina liandikwe kama lilivyo humo, hata kama nyumbani anaitwa vingine.

Akademi lazima imwachilie kwenye mfumo ndipo shule mpya impokee. Penye deni la karo, ndipo watu hukwama. Lipeni, mchukue risiti, na msiondoke ofisini kabla hajaachiliwa.

Nambari yake ya KNEC, baraza la mitihani, ibaki ileile, maana alama zake za mwisho zinajumlishwa hivi: KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, ina 20%, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina 20%, mtihani wa Gredi ya 9 una 60%. Akihama katikati ya mwaka, shule mbili zikubaliane nani atapakia alama za Gredi ya 8. Kila moja ikidhani ni kazi ya mwenzake, zinabaki wazi.

Minneapolis: Shukrani. Pesa za chakula nimtumie mwalimu mkuu kwa simu?

Boston: La, dada. Tumia akaunti ya shule au paybill yake (nambari ya malipo ya simu), na jina la mtoto na gredi pale pa kumbukumbu. Nyanya yake achukue risiti siku hiyohiyo. Na wakiziita karo, uliza karo gani, maana sekondari msingi ya kutwa ya umma haina karo ya masomo.