Barabara ilifungwa na mafuriko, kampuni ikanikata siku tatu za mshahara!

Wadau, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Jana mshahara umeingia, wangu umekatwa shilingi 2,250. Siku tatu, 750 kila siku. Nilipouliza nikaambiwa nilitoroka kazi.

Nilitoroka wapi? Naishi Mlolongo, kazi iko Industrial Area, Nairobi. Wiki ile ya mvua Mombasa Road ilijaa maji, Jumatatu na Jumanne hatukupata hata matatu moja pale stejini. Siku zote mbili nilimtumia msimamizi meseji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Akajibu, "Sawa, kaa salama." Meseji ninazo.

Jumatano nilitoka saa kumi alfajiri. Gari likakwama karibu na Cabanas, dereva akazima injini. Nikavua viatu, nikakunja suruali, simu nikaifunga kwa karatasi ya nailoni, nikaingia kwenye maji ya mtaro yaliyonifika magotini. Saa tano kasorobo niliweka kidole kwenye mashine ya langoni, nikapakia maboksi mpaka saa moja usiku. Hiyo Jumatano nayo imekatwa. Nzima!

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo mfanyakazi amekosekana siku nzima, tena bila ruhusa wala sababu halali. Siku nzima! Mimi nilifanya kazi zaidi ya saa nane. Na hizo mbili nyingine, kama "sawa, kaa salama" si ruhusa, basi ni nini?

Meneja ananijibu eti wenzangu wa Mukuru, mtaa wa mabanda ulio karibu na kazi, walifika. Wa Mukuru wanatembea kwa miguu! Na walifika wakiwa wameacha magodoro yakielea ndani ya nyumba. Mwaka wa 2024 tuliona watu wakisombwa Mathare na Mai Mahiu. Alitaka nife kwa 750?

Vibarua ndio wameumizwa zaidi, hawakupata hata senti ya siku hizo, na kuna walio na miezi saba mfululizo pale. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi, huhesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Jumatatu naenda ofisi ya leba. Kama kuna aliyekatwa hivi akarudishiwa pesa zake, tafadhali aniambie alibeba karatasi gani, na kama rekodi ya mashine ya kidole mtu anaweza kuidai.